Nyekundu ya Fundi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Dada Kopo, kwa sababu ya kopo la plastiki la manjano, lenye mfuniko wa kubana, alilotembea nalo mchana kutwa akiokota sindano zilizotumika. Aliziokota nyuma ya vibanda vya vipuri, kwenye mitaro, chini ya ngazi za majengo. Watoto walimwimbia. Wachuuzi walimtania kwamba siku akipata mchumba, mahari itatiwa humo humo. Alicheka nao, maana kazi ile bila kucheka haifanyiki, na kila sindano zilipogongana ndani ya kopo alijua kwamba hizo angalau hazitamchoma mwingine.

Ofisi yake ilikuwa kontena la chuma pembeni mwa uwanja wa gereji. Ndani mlikuwa na meza, viti vya plastiki, kabati la dawa, na feni iliyozunguka siku ilipojisikia. Watu wanaojidunga unga walikuja hapo kuchukua sindano mpya, kurudisha kuukuu, kufungwa vidonda na kupimwa damu. Wapo waliosema kontena lile linawalea mateja. Hao walikuwa watu wa kusema tu. Hawakuwahi kumwosha maiti aliyekufa kwa sindano ya kuazima.

Nyumbani kwa Dada Kopo walishaosha. Kaka yake mkubwa alipata virusi vya UKIMWI kwa sindano ya rafiki, akaficha, akaja kufia kwenye godoro la mama yao, chini ya nguo za watu zilizopigwa pasi na kutundikwa kusubiri wenyewe. Mama yao alikuwa dobi. Kwa siku zote za ugonjwa ule hakuacha kupiga pasi, kwa sababu wateja hawasubiri msiba wa mtu. Walipotoka kuzika alimshika binti yake kiganja na kumwambia, "Huyu mdogo wako usiniache nimzike kwa ugonjwa ule ule." Dada Kopo akasema hatamwacha. Wakati huo mdogo wake alikuwa ameshaanza kujidunga, na wote wawili walijua.

Huyo mdogo aliitwa Fundi, na alikuwa fundi kweli. Kabla unga haujamkalia shingoni alitengeneza simu. Angeifungua simu yako, akazipanga skrubu mezani kila moja mahali pake, akapiga soga na wewe kuhusu mpira na wanawake, huku mkono ukirudisha kila skrubu kwenye tundu lake bila yeye kuutazama. Unga ulimchukulia kibanda, ukamchukulia mchumba, ukamchukulia meno ya mbele. Mikono ilibaki.

Aliishi na mwenzake, Meneja, mtu ambaye hajawahi kusimamia hata genge la nyanya lakini hakuvua tai yake ya bluu kwa jua wala kwa mvua. Makao yao yalikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa ambalo mwenyewe aliishiwa kabla ya kutia madirisha. Walikuwa na godoro moja na blanketi moja. Mkate wakikosa walikosa wote. Na Meneja alikuwa na virusi. Hakuvificha, alimwambia Fundi siku waliyokutana, akamwambia na Dada Kopo. Vidonge vya kupunguza makali alipewa, akavimeza alipokumbuka, akavipoteza kila walipofukuzwa mahali.

Basi hapo ndipo ilipokuwa roho ya Dada Kopo, kwenye kipande cha bati chini ya ngazi, ambapo sindano ya Meneja na sindano ya Fundi zililazwa ubavu kwa ubavu. Fundi alikuwa bado salama. Kila alipompima, mstari ulitoka mmoja, na moyo wake ukarudi kifuani.

Alimhubiria miaka. Alimwonyesha mabango yenye picha za damu. Alilia mbele yake, akamnunia, akamtajia kaka yao. Fundi alisikiliza kwa adabu. Umuulize virusi hupitaje, angekujibu vizuri kuliko bango. Kisha ungemkuta kesho yake na sindano ambayo hata yeye hakujua ni ya nani. Majirani wakasema, sikio la kufa halisikii dawa. Dada Kopo aliuchukia msemo huo kama anavyochukiwa mgeni anayekuja kula msibani.

Ndipo akaja Mtaalamu. Alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, aliyesomea jinsi akili ya mtu inavyokumbuka, inavyosahau na inavyoamua. Dada Kopo alijiandaa kumdharau, kwa kuwa alishawaona wataalamu wengi wakija na kofia na maji ya chupa na kuondoka na picha. Huyu hakupiga picha. Aliwauliza watu wa kontena maswali kuhusu maambukizi, na karibu wote wakapata yote. Kisha akaomba awatembelee asubuhi, saa ile ambayo arosto inawauma, yaani ile homa ya kukosa unga inayokunja tumbo na kutoa kamasi. Akawapangia kwenye sinia sindano za maonyesho zenye maji tu, akamwonyesha kila mtu yake, akawaambia wafanye kama kawaida yao.

Wale waliopata maswali yote walichukua za wenzao. Fundi alichukua ya Meneja bila hata kusita. Dada Kopo alitazama pembeni.

"Umeona?" Mtaalamu alimwambia walipokuwa wakirudi. "Arosto ikimshika mtu, akili haipotei. Inabana. Anaona kitu kimoja tu mbele yake. Yale uliyomfundisha anayo, ila yamekaa chumba kingine, na yeye hana subira ya kwenda kuyachukua."

"Kwa hiyo tufanyeje, mama? Tuwaombee?"

"Waombeeni, haidhuru. Lakini tuufundishe na mkono."

Walileta sindano zenye vishikio vya rangi. Kila mtu akachagua rangi yake ya kudumu. Meneja akachagua bluu ili ilingane na tai. Fundi akachagua nyekundu. Mtaalamu akawafundisha sentensi moja fupi ya kusema kwa sauti, na Fundi yake ilikuwa hii: nikiona maji, natafuta nyekundu. Si kwa sababu maneno yana uchawi, alieleza, bali kwa sababu maji ya kuyeyushia unga huja kabla ya sindano kila siku, na jambo likifuatana na jambo mara nyingi mkono huacha kuuliza. Tena rangi ilimaliza ugomvi ambao Dada Kopo hakuwahi kuujua. Kumbe Meneja akimnyooshea Fundi sindano, Fundi aliona kukataa ni kama kumwambia mwenzake, wewe mchafu. Sasa hakuna aliyemkataa mwenzake. Hii bluu, mimi si mtu wa bluu, basi.

Dada Kopo alishika somo hilo kwa mikono miwili. Kila Fundi alipokuja kontena, aliwekewa sinia la sindano za rangi zote na kikombe cha maji. Alipoangalia maji tu, dada yake alianza kumchanganya.

"Jana nimekutana na yule mchumba wako. Amenenepa."

Mkono ukachukua nyekundu.

"Amenenepa kwa nani?" Fundi akauliza.

"Kwa muuza magodoro. Anasema kule kuna usingizi."

Fundi alicheka mpaka pengo likaonekana lote, na huku anacheka mkono ulishaweka nyekundu upande wake. Siku nyingine alimwamsha usingizini. Siku nyingine alimtukana. Siku nyingine alikuja akitetemeka, macho yanamtoka machozi ya arosto, hata salamu haiwezi, na mkono ukaenda kwenye nyekundu moja kwa moja kama ulivyokuwa ukienda kwenye tundu la skrubu. Dada Kopo alitoka nje ya kontena akasimama nyuma ya gari bovu, akalia kwa furaha pale ambapo mafundi wa gereji hawamwoni.

"Mkono umejua, mama," alisema jioni ile.

Mama yake alikuwa akipiga pasi. Alilamba kidole, akakigusisha kwenye bati la pasi kusikia linavyolia, ingawa pasi hii ilikuwa ya umeme na ilikuwa na taa yake ya kuonyesha imepata moto. Binti alimnunulia hiyo ili aache kuunguza vidole. Hakuacha.

"Mkono ukijua umejua," mama alisema.

Walikuwa na desturi yao wawili. Kila Fundi alipopimwa na mstari ukatoka mmoja, mama alilitoa shati lake jeupe, lile la enzi za kibanda, akalifua, akalipiga pasi mpaka kola ikasimama, na Dada Kopo akampelekea. Fundi angelivaa siku hiyo hiyo na kutembea nalo chini ya ngazi kama bwana harusi aliyekosa ukumbi. Meneja angempigia saluti. Kesho yake shati lilirudi kwa mama likiwa limekunjwa. Kwa muda mrefu lilikuwa likienda na kurudi namna hiyo, na Dada Kopo akaanza kuamini. Aliwajibu majirani wake kwamba sikio si kitu pekee alichoumbiwa mtu.

Kisha mradi wa Mtaalamu ukaisha. Alikuja kuaga, akawakumbatia hadi wale wanaonuka, akaondoka. Sindano za rangi ziliendelea kuja kutoka ofisi kuu, zikaanza kuja kidogo, zikakatika. Watu wakarudia kunoa sindano kuukuu kwenye kuta. Meneja akaota jipu la kiwiko lililojaa kama limau. Dada Kopo alipiga simu ofisi kuu mpaka aliyekuwa akipokea akaijua pumzi yake.

Boksi lilipofika, alilipasua kwa funguo. Zilikuwa zote nyekundu.

Alizimwaga mezani kuangalia za chini. Nyekundu. Mtunza stoo wa ofisi kuu, alipomwuliza kwenye simu, alishangaa. "Dada, mlilia hamna sindano, mmeletewa sindano. Sasa mnataka na za kulingana na viatu?" Hakuwa mtu mbaya. Kwake sindano ilikuwa sindano.

Akampigia Mtaalamu. Akamweleza kwamba zote ni nyekundu.

"Usizigawe bado," Mtaalamu akasema. "Mkono wa Fundi ukiona nyekundu unaona yake. Zitie alama, uwafundishe upya kwa wiki kadhaa, ndipo uzitoe."

"Mama, watu wako mlangoni. Wana arosto leo."

"Najua."

"Nisipowapa watachangia zile kuukuu."

"Najua, mwanangu," akasema Mtaalamu.

Fundi na Meneja walikuwa wamesimama kwenye foleni. Dada Kopo alifikiria kumnyima Meneja, lakini Meneja asiye na sindano angetumia ya Fundi, na Fundi asingemnyima mtu aliyelala naye blanketi moja. Alifikiria kumnyima Fundi. Kila upande aliogeukia ulikuwa ukuta. Mwishoni alichukua plasta ya kufungia vidonda, akazizungushia sindano zote za Fundi, akawaita wote wawili ndani.

"Sikilizeni. Leo rangi imekufa. Fundi, yenye plasta ndiyo yako. Isiyo na plasta ni ya Meneja. Sema."

"Yenye plasta yangu. Isiyo na plasta ya Meneja."

"Sema tena."

"Dada, mimi si mtoto."

"Sema."

Alisema tena, sawasawa, neno kwa neno. Alipata yote. Dada Kopo alimtazama akitoka, akakumbuka yale maswali ya Mtaalamu ambayo karibu kila mtu alipata yote.

Kila siku baada ya hapo aliwapitia chini ya ngazi kuwafanyisha mazoezi ya plasta. Walimtania, wakafanya. Wakiwa wameshatulia, Fundi hakukosea hata mara moja. Saa za arosto Dada Kopo alikuwa hayupo, kwa kuwa kopo lilikuwa na mitaa mingine. Zile za rangi hatimaye zikaanza kuja tena kidogo kidogo, bluu ya Meneja ikapatikana, na hakuna aliyelalamika lolote. Ikafika siku ya kumpima Fundi.

Alimchoma kidole mwenyewe. Walikaa wakipiga soga, kipimo kiko mezani kati yao. Fundi alikuwa akieleza jinsi Meneja alivyoota amepata kazi benki na akaamka anadai mshahara. Dada Kopo alicheka, akateremsha macho, akaona mistari miwili.

Alichukua kipimo kingine, cha boksi jingine. Akachukua na cha aina ya tatu. Fundi aliacha kusimulia.

"Ulitumia ya Meneja?" Dada Kopo akauliza, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayeomba maji. "Niambie tu, sikugombi. Siku zile za plasta, ulitumia ya Meneja?"

"Mimi?" Fundi alishangaa kwa moyo wote. "Hapana, dada. Sijawahi kukosea hata siku moja. Nachukua nyekundu. Nikiona maji, nachukua nyekundu, kama ulivyonifundisha."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu anayemwonyesha mwalimu kwamba hakulala darasani. Dada Kopo aliufikia mkono wake juu ya meza, akaushika, ule mkono. Ulikuwa wa joto na ulikuwa na kovu la chuma cha kuchomelea waya tangu enzi za kibanda.

Aliyemweleza Dada Kopo yaliyotokea ni Meneja. Alimkuta chini ya ngazi, kwenye godoro, ameshajua kwa kumwona tu anavyokuja bila kopo.

"Kulikuwa na asubuhi moja nimeamka nikakuta yangu ina damu mbichi," Meneja alisema. "Yake yenye plasta iko vile vile haijaguswa. Yeye amelala kama mtoto. Nikajua amechukua yangu."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza, dada. Nilijua nikisema utamwondoa hapa."

"Meneja, kuna vidonge. Mtu akivianza mapema, siku ile ile, siku ya pili, virusi havishiki. Ninavyo kwenye kabati. Vilikuwepo."

Meneja alikuwa hajui. Alijua mambo mengi ya ugonjwa wake, lakini hilo hakuna aliyemwambia, kwa sababu Dada Kopo alikuwa amewekeza maneno yake yote kwenye kuzuia kosa na hakubakiza hata moja la baada ya kosa. Alimwona hilo likimwingia taratibu. Kisha Meneja akaivua tai, ambayo hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Shingo yake ilikuwa nyembamba sana. Dada Kopo alitaka kumpiga, na akaketi karibu naye.

Nyumbani mama alikuwa ameshalifua shati. Alijua ni siku ya kupima, na siku za kupima zilikuwa zimeisha vizuri kwa muda mrefu hivi kwamba hakusubiri tena majibu. Lilikuwa limetundikwa mlangoni, kola imesimama. Binti yake aliingia akasimama mbele yake. Mama alimtazama, akautazama mkono wake mtupu ambao haukunyooshwa kulipokea shati. Alilitoa shati mlangoni, akalipeleka kulitundika ndani, katikati ya nguo za wateja, akarudi kwenye pasi yake na kulamba kidole. Pasi haikuwa imewashwa.

"Siku hizi kuna dawa, mama," Dada Kopo akasema. "Watu wanaishi nao mpaka uzee."

"Wanaishi wanaomeza," mama akajibu.

Fundi alivipokea vidonge. Alivimeza alipokumbuka, akavipoteza walipofukuzwa tena mahali. Dada Kopo alijua kuna namna ya kuufundisha mkono kumeza, kuna jambo la kufuatanisha na jambo, kidonge na chai, kidonge na kikombe cha maji. Kila alipotaka kuanza somo hilo, alichukua kopo lake akatoka. Angemfundishaje tena huyo mtu kuuamini mkono wake?

Ukaja msimu ambao boksi lilikuja limejaa rangi zote, za kumwaga. Alizipanga mezani kama zamani, rangi na rangi yake, na kabla hajajua anachofanya alishamtengea Fundi nyekundu pembeni. Fundi alipoingia aliyaona yale mafungu, akaona na lake. Alikuwa amekonda. Alinyoosha mkono, ukasimama hewani, akaurudisha mfukoni.

"Zako hizo," dada yake akasema.

"Mpe mwenye haja na rangi," Fundi akasema kwa upole. "Mimi na Meneja sasa ni mamoja. Tunachukuliana sindano tu."

Yalikuwepo ya kumjibu. Kuna homa ya ini, kuna vijidudu vya kwenye damu, kuna virusi vya aina nyingine juu ya hivi. Aliyajua yote na Fundi aliyajua yote.

"Nipe yoyote, dada," akasema.

Akampa.